Chavua ya Lwifa

Walipofika njia panda ya Ihanga, dereva alizima gari akasema yeye haendi mbele zaidi. Watu kama mia mbili walikuwa wamekaa barabarani, wamejifunika mablanketi kwa sababu ya baridi. Nyuma yao mapaa ya bati yote yalikuwa na doa la rangi ya kijani. Ndege za Mamlaka ya Marejesho zilipita wiki iliyotangulia zikayatia alama, paa kwa paa, hata la kanisa. Maana ya doa lile ilijulikana nchi nzima: siku arobaini, kisha nyumba inabomolewa na ardhi inapandwa miti ya podo.

Tulinagwe Mwasambili akashuka peke yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mtaalamu wa chavua, na kosa lake la kwanza asubuhi ile lilikuwa koti. Nembo ya Mamlaka ilikuwa kifuani. Hajafunga hata mlango wa gari, bonge la udongo likampiga begani.

"Vua hilo koti," sauti ya mwanamke ikasema.

Akalivua, akalitupa garini. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado haijayeyuka kwenye majani, na baridi ikampenya hadi mifupani. Aliyesema alisogea mbele: mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa mabuti ya mpira yenye matope mabichi. Huyo ndiye Fidea Chaula, mwenyekiti wa kijiji cha Ihanga na mkulima wa viazi.

"Mmeshatupima," Fidea akasema. "Mmeshatupaka rangi. Umekuja kupima nini tena?"

"Hawajawapima, mama. Wamekokotoa."

"Tofauti yake nini?"

"Anayekokotoa anakaa mezani. Mimi nataka kuchimba kinamasi chenu."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo. Mtu mmoja akasema apelekwe huko kinamasini na asirudi. Fidea hakucheka. Alimtazama tu Tulinagwe, mikono kiunoni.

"Kielelezo kimesema hapa palikuwa msitu wa podo miaka elfu sita iliyopita," akasema. "Sheria inasema ardhi irudishwe ilivyokuwa. Sasa wewe kinamasi cha nini?"

"Kielelezo ni hesabu, mama. Kinachukua mvua, joto na mwinuko, kinaigiza mimea ambayo ingepaswa kuota. Hakijawahi kukanyaga hapa. Lakini kila mwaka mimea inamwaga chavua, ule unga wa maua. Unaangukia kinamasini, unazama, tope la mwaka unaofuata linaufunika. Unga ule hauozi. Nikishusha bomba mita sita, napata maelfu ya miaka yamepangwa moja juu ya jingine. Naweza kuhesabu nini hasa kilikuwa kinaota hapa."

"Na ukikuta msitu?"

Tulinagwe alijua jibu lililotakiwa. Alijua pia kwamba dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Nikikuta msitu, nitaandika msitu."

Kelele zikazuka. "Mrudisheni alikotoka!" Bonge jingine likapita karibu na sikio lake. Fidea akanyanyua mkono mmoja na kelele zikapungua, ingawa hazikuisha.

"Atachimba," akasema. "Angesema neno tamu, ningemfukuza mwenyewe. Lakini nitashika bomba pamoja naye. Na kila tope litakalotoka litapasuliwa katikati. Nusu yake, nusu yetu. Wakija kesho kusema lilipotea, letu lipo."

Walichimba siku mbili. Hakuna aliyempa maji ya kunywa wala mahali pa kulala, alilala garini. Fidea alishika bomba la chuma kwa mikono mitupu, akalisukuma kwa uzito wa mwili wake wote, na kila lilipopanda na kufunguliwa, tope jeusi likiwa limelala ndani kama mkia wa mnyama, alilipasua yeye mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nusu iliyokuwa ya kijiji aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaipeleka kwenye ghala la viazi na kutia kufuli. Hakumuaga Tulinagwe alipoondoka.

*

Maabara ya Mamlaka ilikuwa Mbeya, ghorofa ya tatu, na kwa wiki tatu Tulinagwe hakuonana na watu wengi zaidi ya wale aliokutana nao kwenye ngazi. Alichemsha tope kwenye tindikali hadi mchanga na mboji vyote vikayeyuka, likabaki tone la rangi ya chai kwenye kioo. Kisha akainama kwenye hadubini na kuhesabu. Punje mia tano kwa kila tabaka. Matabaka sitini.

Mashine za kuhesabu zilikuwepo, lakini yeye hakuziamini kwenye punje zilizokunjamana. Chavua ya nyasi ni duara laini lenye tundu moja lililozungushiwa pete. Chavua ya podo haifanani na nyingine yoyote: mwili katikati, na pembeni mifuko miwili ya hewa, kama uso wenye masikio makubwa. Ile mifuko ndiyo inayoipeperusha. Punje ya podo inaweza kusafiri kilomita mia moja na kuanguka mahali ambapo hapajawahi kuota podo hata mmoja.

Kielelezo kilisema msitu wa podo ulifunika asilimia tisini ya Ihanga. Tulinagwe alikuta podo asilimia tisa. Nyasi zilikuwa sabini na sita. Na katika kila tabaka, kuanzia juu hadi chini kabisa, kulikuwa na vipande vidogo vyeusi vya makaa. Nyanda zile zilikuwa zikiungua moto kila baada ya miaka michache, tangu zamani sana, na baridi ya sakitu ilikuwa ikiua miche michanga ya miti kabla haijafika magotini. Ihanga haikuwahi kuwa msitu. Watu wale walikuwa wanafukuzwa kupisha kitu ambacho hakikuwepo.

Alijua pia kosa lilipoingilia. Kielelezo kiliigawa nchi kuwa visanduku, kila kimoja kilomita thelathini kwa thelathini, na ndani ya kisanduku kizima kilitumia mvua moja na joto moja. Kisanduku cha Ihanga kilikuwa na mwinuko wenye sakitu upande mmoja, na upande wa pili kilikuwa na bonde lenye joto na mvua nyingi. Kielelezo kilichanganya vyote viwili, kikapata wastani, kikasema nusu ya kisanduku ni msitu. Halafu nusu hiyo ikapelekwa yote juu mwinukoni, kwa sababu kanuni zake zilidai podo hupenda baridi. Bonde likaachwa kama vichaka tu, lisiguswe.

Bonde hilo lilikuwa Lwifa. Tulinagwe alizaliwa Lwifa.

Sheria ya Marejesho haikuruhusu Kielelezo kurekebishwa kwa ushahidi wa mahali pamoja. Ilitaka maeneo mawili ndani ya kisanduku kimoja. Kwa hiyo, wiki moja baada ya Ihanga, alikwenda nyumbani, kwenye ziwa dogo lililo chini ya shamba la marehemu baba yao. Mdogo wake Lusajo, mkulima wa ndizi na kakao, alimfungia mapipa manne ya plastiki kwa kamba, akaweka mbao juu, na wote wawili wakakaa katikati ya ziwa wakishusha bomba. Walikula ndizi za kuchoma palepale juu ya mbao. Lusajo alimtania kwamba kusoma kote kule, mwisho wake umekuwa kuchota matope. Alivuta bomba kwa nguvu zake zote na hakuuliza lile tope lilikuwa la nini.

Tope la Lwifa alilihesabu la mwisho. Kwenye tabaka la miaka elfu sita alikuta kitu ambacho hakukitarajia kwa wingi ule: chavua ya miti ya msitu mnene wa mvua, ile nzito isiyoruka mbali, inayodondoka chini ya mti wenyewe. Asilimia themanini. Akapanda tabaka moja, kisha jingine. Msitu. Msitu. Ulikuwepo hadi miaka mia tatu iliyopita, ndipo magugu ya mashambani yakaanza kuonekana. Alirudia hesabu mara tatu akitamani apate kosa lake mwenyewe.

Kisha akachukua nakala ya Kielelezo, akavunja visanduku vikawa vidogo kufuata miteremko, akaingiza moto na sakitu, akakiacha kifanye kazi mchana mzima. Ramani ilipofunguka alisimama nyuma ya kiti. Nyanda za juu thelathini na nane, kuanzia Ihanga hadi mipaka ya kaskazini, zilibadilika kutoka kijani kuwa njano. Nyasi. Watu laki tatu na elfu kumi hawakupaswa kuhamishwa.

Mabonde matatu yalibadilika kutoka njano kuwa kijani. Jumla ya watu wake ilikuwa elfu kumi na nne. La tatu katika orodha liliandikwa Lwifa.

*

"Umekigusa Kielelezo," Osmund Haule akasema.

Alikuwa mkurugenzi wa Mamlaka, mwanahisabati, na ndiye aliyekiandika Kielelezo miaka kumi na tano iliyopita, wakati nchi ilipokuwa inakufa kwa kiu. Hakumkaribisha Tulinagwe kiti.

"Nimegusa nakala, mkuu."

"Nakala ni nini? Mtu akiona nakala inasema vingine, atauliza na chenyewe kinasema nini." Aligeuza ramani ya Tulinagwe mezani ikaelekea chini. "Unakumbuka miaka saba ile ya ukame?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilizika watoto wawili. Mvua zimerudi, Tulinagwe. Zimerudi kwa sababu watu walikubali kuhama, na walikubali kwa sababu Kielelezo hakikuwa na kabila wala chama. Leo ukasimame mbele ya Baraza la Ardhi useme kimekosea mara thelathini na nane. Unadhani nani atakiamini pale ambapo hakijakosea?"

"Kama kimekosea, tunapanda miti mahali ambapo sakitu itaiua. Nimekwenda Nyanda za Mtwivila. Miche yote imekauka, na watu wameshaondolewa. Hakuna msitu, hakuna kijiji."

Haule akafungua droo ya meza. Kisha akatoa karatasi moja, akaisukuma upande wake.

"Ihanga siwezi kuwanyamazisha. Yule mama ana nusu ya tope ghalani, na ameshapata wakili. Sawa. Nitaikubali Ihanga kama hali ya pekee. Wabaki na viazi vyao. Wewe utaandika kwamba tope la Lwifa lilichafuliwa wakati wa kuchimba, halifai kwa ushahidi. Basi. Kielelezo hakiguswi, Ihanga wanabaki." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na kwenu wanabaki. Mama yako kazikwa pale, si ndiyo? Nimesoma faili lako."

"Na zile nyanda thelathini na saba?"

"Hujawahi kufika hata kumi kati ya hizo."

Tulinagwe aliitazama ile karatasi. Ilikuwa imeshachapwa, jina lake chini, nafasi ya saini ikisubiri. Lililomtisha ni kwamba mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu mfukoni.

"Nipe hadi Alhamisi," akasema.

"Alhamisi ndiyo Baraza linakaa. Njoo na saini au usije kabisa. Na ukija bila saini, usirudi tena kwenye maabara yangu."

Alitoka, akashuka ngazi hadi uani ambako walinzi walikuwa wanakunywa chai, akampigia Lusajo. Alimweleza yote, hakuficha hata takwimu. Upande wa pili ikasikika sauti ya kuku, kisha mtu akiweka chini kitu kizito.

"Lile tope nililolivuta mimi?" Lusajo akauliza.

"Ndiyo."

"Na huyo bosi wako anasema ukiandika lilichafuka, yanaisha?"

"Kwa Lwifa yanaisha."

"Basi andika, dada. Kuna nini hapo cha kufikiria?"

"Wengine laki tatu, Lusajo."

"Mimi siwajui. Wewe unawajua?" Sauti yake ikapanda. "Watoto wangu unawajua majina. Unajua mti gani nimeupanda lini. Hao wengine wana ndugu zao wa kuwasemea. Sisi tuna wewe."

"Nikiandika uongo huu leo, kesho wataniletea mwingine."

"Basi na kesho utaandika mwingine!" akafoka. "Umesoma ili iweje? Sisi tuliuza ng'ombe wote wewe usome." Kisha akakata simu. Tulinagwe alipopiga tena, haikupokelewa. Alipiga siku ile yote, na Jumatano yote.

*

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa. Wajumbe watatu walikaa mbele, na katikati yao jaji mstaafu mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wote wanyamaze ili wamsikie. Fidea Chaula alikuwa mstari wa kwanza na nusu yake ya tope miguuni, imefungwa vilevile kwenye nailoni. Haule alikaa upande wa pili. Tulinagwe alipoingia, Haule alitazama mikono yake, akaona ramani mbili badala ya karatasi moja, akafunga macho.

Alizungumza saa nzima. Alionyesha punje za nyasi za Ihanga, kubwa ukutani kama miezi. Alionyesha makaa. Akaeleza jinsi chavua ya podo inavyopeperuka, na jinsi Kielelezo kilivyochanganya mlima na bonde kwenye sufuria moja. Upande wa Ihanga watu walianza kupiga meza. Kisha akaonyesha Lwifa, na kelele zikafa.

"Kwa hiyo bonde hili lilikuwa msitu," jaji akasema.

"Lilikuwa msitu, mheshimiwa."

Haule akainuka. "Naomba shahidi aulizwe kama ana maslahi katika eneo hilo."

"Ninayo," Tulinagwe akajibu kabla hajaulizwa. "Nimezaliwa Lwifa. Mdogo wangu na familia yake wako huko. Mama yetu amezikwa huko."

"Na bado unashuhudia dhidi yake?"

"Nashuhudia kilichokuwa kwenye tope." Akanywa maji, akaendelea. "Ila naomba niongeze jambo moja. Chavua inaniambia kilichoota. Hainiambii kinachopaswa kuota. Haijui watu wa leo waende wapi. Hilo tumeliamua sisi kwenye sheria, tukaligeuza kuwa hesabu ili asiwepo wa kulaumiwa. Naliomba Baraza..."

"Hujaulizwa hilo," jaji akamkatiza. Hakusema kwa ukali. "Sheria haiko mbele yetu leo. Kielelezo ndicho kiko mbele yetu. Kaa chini, daktari."

Uamuzi ulisomwa jioni ileile. Kielelezo kirekebishwe. Alama zifutwe kwenye nyanda thelathini na nane. Mabonde matatu yapewe notisi ya kawaida.

Watu wa Ihanga walikumbatiana, wengine wakalia kwa sauti. Hakuna aliyemsogelea Tulinagwe. Mlangoni walinzi walimtaka aache kitambulisho cha maabara, akakiacha. Nje, kwenye ngazi, akakutana uso kwa uso na Fidea.

"Usitegemee nikushukuru," Fidea akasema. "Walewale waliotupaka rangi ndio waliokuleta. Mlituweka roho juu siku arobaini, wazee wawili wakafa kwa mawazo. Kusema kweli baada ya hapo si zawadi."

"Sikutegemea, mama."

"Ninyi wamewapa siku ngapi?"

"Arobaini."

Fidea hakupoza macho wala sauti. "Kodini mashine ya kukoboa mapema," akasema, "na chakula kipakiwe kwanza, kabla ya vyombo. Magari yao yakifika hayasubiri." Kisha akaenda kwa watu wake.

*

Tulinagwe alirudi Lwifa kwa kuwa, baada ya kusema kweli, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Walimjua alipokuwa bado mbali. Dukani hawakumuuzia chumvi. Mwanamke aliyesoma naye darasa la kwanza alimtemea mate kwenye kiatu, akaendelea na safari yake. Kwenye paa la nyumba ya baba yao doa la kijani lilikuwa bado linang'aa.

Lusajo hakumfukuza. Alifanya zaidi ya hapo: aliishi naye nyumba moja kwa siku thelathini bila kumtamkia neno. Mkewe aliweka sahani ya Tulinagwe mezani na kuondoka. Watoto waliambiwa wasimsumbue shangazi, wakaelewa maana yake. Yeye akapakia. Akafunga kakao kwenye magunia, akakoboa mpunga, akaandika majina kwenye masanduku, akapeleka orodha ya kaya ofisini na kurudi nayo imepigwa mihuri.

Siku ya thelathini na tatu, afisa wa Mamlaka alileta fomu ya kupokea notisi. Mwenye nyumba alitakiwa asaini. Lusajo aliisoma pale mlangoni, akamnyooshea dada yake bila kumtazama.

"Asaini yeye," akamwambia afisa. "Ndiye aliyeiandika."

Tulinagwe akasaini.

Kazi ya mwisho ilikuwa kaburi. Sheria iliruhusu familia kuhamisha wafu wao, na mchungaji alikuja asubuhi, akaomba, akasoma zaburi, akaenda kwenye nyumba ya jirani kuomba tena. Wakabaki wawili kati ya migomba. Lusajo alichimba kwanza, akavua shati, akachimba hadi kifuani. Alipochoka alipanda juu, akaketi, na jembe akaliacha ukingoni. Tulinagwe akashuka.

Kwenye ukuta wa shimo udongo wa juu ulikuwa mwekundu. Chini yake ukaja mkanda mweupe wa majivu ya kale ya volkano, na chini ya mkanda udongo mweusi, mlaini, wenye unyevu. Mikono yake iliutambua kabla ya macho. Aliendelea kuchimba hadi jembe lilipogonga ukuta wa shimo na kutoa mlio mzito usio wa jiwe. Akapangusa. Ulikuwa mzizi, mnene kama paja la mtu mzima, umegeuka mweusi kabisa, umekatwa pande zote mbili kwa shoka. Ukubwa ule haukuwa wa mgomba wala wa mkakao.

"Nilikata mimi," Lusajo akasema kutoka juu.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake baada ya mwezi mzima. Tulinagwe akainua uso.

"Siku tulipomzika mama. Ulikuwa umepita katikati ya kaburi. Tulihangaika nao saa nzima, mimi na watoto wa baba mdogo. Tukaulizana mti wa ukubwa huu ulikuwa wapi, maana hakuna mtu aliyewahi kuuona." Alikuwa anatazama migomba, si yeye. "Nikawaambia wafukie haraka. Halafu ulipokuja na mapipa yako, nikakumbuka. Nilikumbuka palepale ziwani, tukiwa tunakula ndizi."

"Ulijua," Tulinagwe akasema.

"Nilijua. Nikakaa kimya, na usingizi nililala." Akajifuta uso kwa shati. "Nilidhani na wewe ungeweza. Nimekuchukia kwa hilo, dada. Sijui kama yataisha."

Tulinagwe akashika jembe tena, akachimba kwa uangalifu sasa, akitumia vidole pembeni, hadi ubao wa kwanza wa jeneza ulipoonekana, umelainika. Akaegemea ukuta wa shimo, akalia kama alivyolia akiwa mtoto, kwa sauti, bila kujificha.

Lusajo alimwacha alie. Kisha akashuka shimoni upande wa pili, akaweka miguu vizuri ili asikanyage, akapitisha kamba chini ya ubao na kumpa ncha yake.

"Shika huko kichwani," akasema. "Polepole. Asigongwe."